Fomu Mbili za Safari ya Meli

Ilianza Jumapili, tarehe 13 Agosti, saa tisa na robo alasiri. Saa naijua kwa sababu baba alitoa simu mfukoni, akaishika mbali na macho kama anavyoshika kila kitu chenye maandishi madogo, akasema, "Saa tisa na robo. Tuanze, baridi ya hapa haina adabu."

Tulikaa nyuma ya nyumba, upande ambao upepo wa mlimani haufiki. Tulikuwa watano. Baba na mama walikuwa kwenye viti. Baba mkubwa, kaka yake baba, alikalia gunia la mahindi ambayo hayajapukuchuliwa, maana anasema viti vyetu vinamuumiza kiuno. Binti yake, ambaye mimi namwita dada, alikaa mkekani karibu na mama. Mimi nilikuwa kwenye kigoda na bahasha mapajani, kwa sababu katika ukoo wetu mimi ndiye msomaji.

Nayaandika haya siku nne baadaye. Bado sijui yataishia wapi. Naogopa nikisubiri nijue, nitaanza kujisifu au kujitetea, na daftari hili sijaliandikia uongo mpaka leo.

Bahasha ilitoka kwa shangazi. Shangazi ni mdogo wa baba na baba mkubwa, muuguzi, yuko Ulaya mwaka wa kumi na mbili sasa. Barua zake za kawaida huwa ukurasa mmoja: salamu, ada yangu ya shule, salamu tena. Hii ilikuwa nene. Ndani mlikuwa na kurasa nne za mwandiko wake na kitabu cha picha cha karatasi zinazong'aa. Alikuwa ameshampigia baba simu kabla ya barua kufika, kwa hiyo baba alikuwa ameshakwenda Babati Alhamisi, kwenye ofisi za mkoa wetu mpya, akarudi na fomu mbili za pasipoti ndani ya gazeti ili zisikunjike. Jumamosi tukapelekwa Katesh, mimi na dada, tukapigwa picha. Hatukuambiwa ni za nini. Dada alidhani ni za kitambulisho cha kanisa.

"Soma," alisema baba.

Mimi nikisoma mbele ya watu, hata wa nyumbani, sauti inakauka na masikio yanapata moto. Nikasoma hivyo hivyo.

"Kaka zangu, shikamooni. Mwaka huu nimefikisha miaka hamsini. Kila likizo niliyopata nimekuja nyumbani kuzika mtu au kuuguza mtu. Safari hii sitaki kuzika. Nataka kupanda meli. Sisemi meli ya kuvukia upande wa pili. Hii ni ya kutembelea, unakaa ndani kama hotelini na yenyewe inakwenda. Tutapandia Mombasa mwezi wa kumi na mbili shule zikifungwa, tutazunguka visiwani mpaka Shelisheli, siku kumi, tutarudi. Sijawahi kufanya jambo hili na sitaki kulifanya peke yangu. Nataka kwenda na binti zangu wawili niliowapokea kwa mikono hii wiki moja. Nimeshika chumba cha vitanda vitatu."

Binti zake wawili ni mimi na dada. Yeye ndiye aliyekuwa zamu zahanati tulipozaliwa, dada Jumatatu, mimi Ijumaa ya wiki ile ile. Majina yetu pia ni yeye aliyetupa, moja moja, kila mtu lake.

Baba mkubwa akanyoosha mkono. "Hebu nione hiyo meli."

Nikampa kitabu. Akakiweka gotini, akalifuata kila jambo kwa kidole.

"Hili ni nini? Bwawa?"

"Ndiyo, baba mkubwa. La kuogelea."

"Liko juu ya meli."

"Ndiyo."

"Na meli iko juu ya bahari."

"Ndiyo."

"Maji yote yale yapo chini, wao wakapandisha mengine juu." Akamgeukia baba. "Hawa watu hawachoki?"

Mama akacheka mpaka akajifunika kanga usoni. Halafu akaniuliza kama nguo za kuogelea ni lazima. Nikatafuta kwenye kile Kiingereza cha herufi ndogo, nikamwambia si lazima.

"Basi andika hawaogelei," alisema mama.

"Hakuna mahali pa kuandika, mama."

"Pembeni. Andika pembeni."

Tulipanga namna hiyo karibu saa nzima, na nakiri ilikuwa saa nzuri. Baba mkubwa alitaka kujua ng'ombe wa maziwa wanakaa ghorofa ya ngapi. Baba akamwambia ni maziwa ya boksi, na baba mkubwa akasema basi tubebe yetu. Mama alihesabu kwa vidole: sweta mbili, kanga mpya, mafuta ya kujipaka, dawa ya kichefuchefu ambayo shangazi alisema ataleta mwenyewe. Kulikuwa na chakula cha jioni cha nahodha, ambacho watu wanavaa rasmi, na mama akasema nitavaa gauni lake la jubilei ya kanisa, litapunguzwa kiunoni. Nilijiona ndani ya lile gauni, nikishuka ngazi yenye zulia. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuona bahari. Maji makubwa tunayoyajua ni Ziwa Balangida, na hilo kiangazi likikauka watu wanalikatiza kwa miguu, wanarudi na chumvi kwenye viatu.

Dada hakuuliza ila jambo moja. Alikuwa anaitazama picha ya chumba, vitanda vitatu na dirisha la mviringo.

"Hili dirisha linafunguka?"

Nikasoma. "Halifunguki."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akairudisha picha kwangu, akakunja miguu.

Baba akasema nisome masharti. Yalikuwa ukurasa wa mwisho wa barua. Shangazi aliyatafsiri mwenyewe na kuyapigia mstari. Majina ya wasafiri lazima yafanane na ya kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Lazima yamfikie kwa simu kabla ya mwezi kwisha. Baada ya hapo hayabadilishwi. Ambaye jina lake litapishana na karatasi zake, hapandi. Na kwa yule mwanafunzi, Babati watataka pia barua ya mkuu wa shule.

Nilipofika hapo nikasimama.

Lazima nieleze sasa, maana bila hili mengine hayaeleweki. Mimi shuleni naitwa jina la dada.

Darasa la saba nilifeli mara ya kwanza, na kurudia kulikuwa hakuruhusiwi, angalau kwa jina lile lile. Nilikaa nyumbani. Dada, ambaye alichelewa kuanza shule, alikuwa nyuma yangu mwaka mmoja, naye akaandikishwa mtihani, akapata namba. Katikati ya mwaka mama yake akaanguka na mgongo, akawa hanyanyuki. Dada akaacha kwenda shule ili amuuguze. Zilipobaki wiki chache, mwalimu mkuu wa wakati ule akaja nyumbani na daftari lake. "Namba ipo," alisema, "mtoto hayupo." Baba na baba mkubwa wakatoka naye mpaka zizini, wakazungumza muda wa kukamua ng'ombe mmoja. Waliporudi, mimi nilikuwa na nafasi ya pili.

Sisi si wa kwanza. Hapa kijijini nawajua wanne walioingia sekondari kwa mlango huo, na mmoja sasa ni mwalimu. Mtu anasema tu, "Yule anasomea jina la mdogo wake," kama anavyosema yule ana shati la kaka yake.

Nikafanya mtihani, nikafaulu. Jina lililobandikwa ubaoni lilikuwa la dada. Mama yangu alipiga vigelegele. Dada alikuwa kwetu siku hiyo akipukuchua mahindi, akanyanyuka, akanipa mkono wenye vumbi la magunzi, akasema, "Hongera." Mama yake alifariki mwaka uliofuata. Yeye hakurudi shule, kwa sababu angerudi kama nani?

Niandike na hili, kwa kuwa ni kweli: siku ile nilifurahi, na sikumfikiria hata kidogo.

Sasa niko kidato cha tatu. Kila asubuhi jina lake linaitwa na mimi naitika. Mtendaji wetu wa kata, mgeni kutoka mkoa mwingine, ni mjumbe wa bodi ya shule. Mwaka jana alikuja kugawa zawadi, akanipa madaftari sita kwa kuongoza Kiswahili, akalitamka lile jina mbele ya shule nzima na kunishika mkono. Tangu siku hiyo akinikuta njiani ananiita kwa sauti. Na huyo huyo mtendaji ndiye wa kuandika barua zetu za utambulisho za pasipoti, na kugonga mhuri wake juu ya picha.

Kwa hiyo pale nyuma ya nyumba kila mtu alikuwa anapiga hesabu ile ile kimya kimya. Mimi siwezi kusimama mbele ya mtendaji na jina langu. Dada hawezi kusimama mbele yake na jina lake. Jina moja limeshavaliwa, na jingine limekaa miaka mitatu halina mtu.

Baba ndiye aliyekuwa na jibu. Nadhani alilipata njiani akitoka Babati.

"Ni rahisi," alisema. "Huyu wa shule aende na jina la shule. Barua ya mkuu wa shule itatoka, mtendaji anamjua, hakuna swali. Na huyu mwingine," akamwonyesha dada kwa kidevu, "achukue lile lililobaki. Cheti cha ubatizo kipo. Mnalingana umri, baba zenu ni ndugu, sura ni moja. Nani atajua?"

"Shangazi atajua," nilisema. Nilisema polepole sana, nikifikiri hawatanisikia.

"Shangazi yako nitazungumza naye mimi. Ni karatasi tu. Humo melini mtaitana mnavyotaka."

Baba mkubwa akakuna shingo. "Jina si ng'ombe kwamba litapigwa chapa," alisema, akacheka. Peke yake.

Dada alikuwa ameinamia mkeka, anavuta unyasi mmoja uliochomoka.

"Baba mdogo," alisema, "nitaliazima kwa siku kumi, au litakuwa langu?"

"Unauliza nini, mwanangu?"

"Nauliza nikirudi nitakuwa nani."

"Utakuwa wewe. Utakuwa nani tena?"

"Na hiyo pasipoti?"

Baba akatazama simu yake. Alisema pasipoti inadumu miaka mingi, ni kitu kizuri kuwa nacho, watu wanakitafuta hawakipati. Akasema mimi mwakani nitafanya mtihani wa kidato cha nne, nitapata cheti kwa jina hilo, sasa tukianza kurudi nyuma leo, shule watanifukuza, na ada ya shangazi yote itakuwa imemwagwa. Alisema hivyo bila ukali. Baba yangu si mkali. Angekuwa mkali ingekuwa rahisi zaidi kumkatalia.

"Kwa hiyo ni kwa siku zote," alisema dada.

Baba mkubwa, ambaye ndiye baba yake, alinyanyuka kwenye gunia na kusema anakwenda kuangalia ndama.

Baba akamaliza kikao. Kesho yeye ana zamu ya mashine ya kupukuchulia, akiikosa ni wiki mbili tena, kwa hiyo tutakwenda kwa mtendaji wenyewe, mimi na dada, kabla sijaenda shule. Jumanne yeye atapanda basi la Babati na kila kitu. Fomu nizijaze mimi kabla ya chakula, mwandiko wangu unasomeka. Picha nizibandike pia. "Yako kwenye jina la shule," alirudia, "yake kwenye lile jingine. Usichanganye."

Jioni tulikwenda kuchota maji, mimi na dada. Bomba letu liko bondeni na kuna foleni, lakini Jumapili watu ni wachache. Aliweka ndoo yake chini ya mfereji, akaikalia yangu iliyo tupu.

"Unaitaka meli?" aliniuliza.

"Ndiyo." Sikutaka kumdanganya. "Wewe?"

"Sijui. Lile dirisha sikulipenda." Akaitazama ndoo mpaka ikafika nusu. "Mwaka jana, wakati wa kupanda, unakumbuka nilikwenda Katesh siku mbili?"

Nilikumbuka. Alituambia amekwenda kumsalimia mama yake mdogo.

"Nilikwenda kwenye kile chuo cha kushona. Wakaniambia nilete cheti cha darasa la saba. Nikasema kiko sekondari. Yule mama akanitazama, akasema, sekondari kinafanya nini na wewe uko hapa? Nikarudi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungefanya nini? Ungenirudishia?"

Maji yakafurika, yakatulowesha miguu, na hakuna kati yetu aliyesogeza ndoo. Nilitamani anitukane. Nilimwambia samahani, na neno lenyewe likatoka dogo, kama ninavyomwambia mtu niliyemkanyaga.

"Mimi sina kesi na wewe, mdogo wangu," alisema. "Ulikuwa mtoto, na mimi nilikuwa mtoto. Lakini unajua mara ya mwisho kuandika jina langu ni lini? Darasa la saba, mwezi wa sita. Hakuna anayeniomba niandike. Kanisani wananiandikia. Leo baba mdogo alipoleta zile fomu, kabla hajafungua mdomo, nilifikiri nitaandika jina langu kwenye karatasi ya serikali." Akacheka kidogo, akajitwisha ndoo. "Haya, twende, giza linaingia."

Nyumbani nilikaa mezani na fomu, kalamu na gundi. Mama alikuwa anasonga ugali mlangoni pa jiko, tukionana kupitia mlango. Nikaanza na fomu ya jina la dada. Mkono wangu ulilijaza bila kusita, herufi zimelala upande mmoja, nzuri, kwa sababu nimeliandika kwenye kila daftari na kila mtihani kwa miaka mitatu. Chini kulikuwa na mahali pa saini. Jina hilo lina saini, na saini hiyo niliibuni mimi kidato cha kwanza, yenye mkia unaorudi nyuma. Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi, nikaiondoa. Ikabaki nukta.

Fomu ya pili, jina langu. Niliandika kama mtoto wa darasa la kwanza. Herufi mbili ilibidi nizirudie.

Halafu zile picha. Yangu ina uso wa mtu aliyeshtuliwa. Ya dada ina uso uliotulia, kitambaa kimefungwa vizuri, na mdomo umefumbwa kabisa. Nilizishika juu ya fomu moja, kisha juu ya nyingine. Nikiziweka alivyosema baba, mtendaji atagonga mhuri, nusu juu ya uso na nusu juu ya karatasi, na dada atakuwa ameisha. Nikiziweka vinginevyo, ni mimi nitakayeondoka shule, na baba ataonekana tapeli mbele ya mgeni, na shangazi atalala kwenye kile chumba na vitanda viwili vitupu. Sikuona mlango wa tatu. Nilitafuta, kweli nilitafuta. Nilifikiria kuugua. Nilifikiria kuangusha fomu jikoni kwa bahati mbaya. Nilifikiria kuwaambia siitaki meli, lakini hiyo isingesaidia kitu, maana jina lingebaki kwangu vile vile, meli ikiwepo na isipokuwepo. Nikiwa pale mezani niliona kwamba meli haikutuletea tatizo lolote. Ilituomba tu tuandike majina yetu.

"Umemaliza?" aliuliza mama.

"Bado picha."

Akaja akipangusa mikono, akasimama nyuma yangu. Nilingoja aseme nifanye nini. Ningefanya lolote alilosema, na ningeshukuru.

"Siku ile ya zizini," alisema, "mimi niliambiwa baadaye. Na nilipiga vigelegele vyangu, usinione hivi." Akanyanyua kifuniko cha gundi, akaifunga. "Gundi itakauka. Bandika asubuhi."

Alirudi kwenye ugali. Tulikula, baba akaomba sala, akaiombea na safari, bahari iwe tulivu.

Asubuhi niliamka kabla ya baba kwenda kwenye mashine. Alinikuta navaa sare. Nikamwamkia, akaitika, akaniuliza kama nimebandika. Nikasema ndiyo. Ilikuwa kweli. Hakuniuliza vipi. Alitoka na magunia yake kwenye mkokoteni, na mimi nikasimama mlangoni nikimtazama mgongo mpaka akakata kona kwenye mibono ya jirani.

Dada alinipitia. Njia ya ofisi ya kata ni dakika arobaini kwa miguu, na pikipiki zikipita inabidi usimame kando uzibe pua kwa vumbi. Alitaka kuona fomu. Nilimpa tulipopita kanisa. Akaifungua ile bahasha, akaitazama ya juu, akasimama.

"Umechanganya. Hii ni picha yangu."

"Ni jina lako."

"Baba mdogo alisema..."

"Nilimsikia."

Alitazama ya pili, akairudisha chini, akatazama tena ya kwanza. "Watakufukuza."

"Inawezekana."

"Na meli?"

"Sijui, dada."

"Baba yako atatuua."

"Atanyamaza," nilisema. "Itakuwa mbaya zaidi."

Tulisimama. Pikipiki ikapita. Aliniambia tunaweza kurudi, gundi mbichi inabanduka, ana ukucha. Kama ningefungua mdomo ningesema haya, turudi. Nilianza kutembea, na baada ya muda nikasikia ndala zake nyuma yangu.

Ofisini mtendaji alikuwa amefika, amevaa koti zito, anapuliza chai. Tulimwamkia pamoja, shikamoo. Akatuitikia, kisha akaniona, akatabasamu, akanitamkia lile jina, kama kawaida yake, kwa sauti ya kusikika mpaka nje. "Karibu, karibu! Leo hakuna shule? Na huyu ni nani mwenzako?"

Masikio yalishika moto. Nilitoa fomu zote mbili kwenye bahasha, nikaziweka mezani mbele yake, ya dada juu, na kalamu pembeni yake kwa sababu mahali pa saini palikuwa bado wazi. Nikavuta kiti kimoja kilichokuwepo, nikamwekea dada akae.

"Jina hilo ni lake, mzee," nilisema. "Mimi lilikuwa kwangu tangu darasa la saba. Naomba aandike yeye."